Ndoo za Kwamgunda

"Mkono ulioshika ndoo husemewa." Mmeusikia msemo huo leo, mkaguna, mkauliza ulitoka wapi. Ulitoka Kwamgunda, nao ulianza hivi.

Kwamgunda palikuwa na chemchemi moja tu. Tajiri mmoja mwenye bustani ya nyanya aliomba aizungushie seng'enge iwe yake, na mkutano wa kijiji ukaitwa jioni kuamua. Sasa jioni ndiyo saa ya kuteka maji. Wenye nafasi walikaa kwenye mabenchi. Wanawake waliotoka chemchemini walisimama pembeni, ndoo kichwani, kama walivyozoea. Ndoo ikishatuliwa haipandi bila mtu wa kukutwika, na nyumbani watoto wana njaa.

Mmoja wao aliitwa Sikudhani. Chemchemi ile ikienda, yeye angeteka maji ng'ambo ya mlima.

"Wanaokubali, mikono juu!" alisema Mwenyekiti Semhando. Benchi la mbele likanyoosha. Akatupa macho pembeni, akatabasamu. "Na akina mama wote wale. Imepita!"

"Mwenyekiti, sisi tumeshika ndoo," akasema Sikudhani.

"Mkono wako uko juu, hauko juu?"

"Uko juu."

"Sasa mama, unabishana na mkono wako mwenyewe?"

Mabenchi yakaangua kicheko. Sikudhani hakucheka wala hakununa. Alipiga magoti polepole, akaitua ndoo yake.

"Shoga, nani atakutwika?" jirani yake Zamoyoni alinong'ona.

"Wewe. Na wewe nitakutwika mimi. Tua."

Zamoyoni akatua. Wa nyuma yake naye akatua, hata pale pembeni pakakosa pa kukanyaga kwa ndoo.

"Hesabu tena, Mwenyekiti."

"Jua linazama, mama."

"Hata kwetu linazama, na hatujapika."

Mzee mmoja wa benchi la mbele akakohoa. "Hesabu, Semhando. Hata maji ya chai yako hiyo yametoka vichwani mwao."

Akahesabu. Waliokubali walikuwa benchi la mbele, tena si lote. Alipouliza wanaokataa, mikono ikapanda kule pembeni, mitupu, mingine ingali inachuruzika maji.

Wakatwikana, wakaenda zao. Siku hiyo Kwamgunda walichelewa kula, lakini seng'enge haikuwekwa.

Tangu hapo, mkutano ukiitwa, wanawake wa kule hutua kwanza ndipo wasikilize. Akichelewa mmoja kutua, wenzake humgusa bega: "Tua, mwenzetu. Mkono ulioshika ndoo husemewa."