Hotuba ya Fisi Juu ya Barafu

Anayetaka kusikia asogee. Asiyetaka akae hapohapo alipo; hadithi ina miguu yake, itamfikia.

Mwaka huo jua liliikaanga mbuga mpaka nyasi zikawa zinalia kama bisi chini ya miguu. Mito ikawa vijito, vijito vikawa tope, tope likawa vumbi. Wanyama wakafunga safari ya mlimani, maana walisikia kwamba huko juu, chini ya jabali kubwa, lipo ziwa dogo lisilokauka. Walipofika, ziwa walilikuta. Ila hakuna aliyewaambia kwamba limeganda.

Simba aliligonga kwa wayo. "Maji gani haya yanabishwa hodi kama mlango?"

"Ni barafu, Bwana Simba," akajibu Bi Pimbi, mwenyeji wa mlima, ambaye hakuwa na mkia wala subira. "Jabali linalikinga ziwa na jua, basi kipupwe chote haliyeyuki. Ya kunywa tumetoboa tundu pale ukingoni. Kwingine kote ni kwa kuchezea."

"Kuchezea?" Simba akauliza, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa.

Simba akatangaza amani: mlimani hapana kuliana mpaka mvua inyeshe. Yeye mwenyewe alikuwa akishuka bondeni kila asubuhi kula waliokwisha kufa kwa kiu, shughuli aliyoiita ukaguzi wa maafa. Na kwa kuwa wanyama wenye kiu ya kutosha huamini lolote, amani ikashika.

Kisha Pimbi akawafundisha mchezo. Kila mmoja alijitafutia mifupa ya mbavu iliyokaushwa na jua, akaifunga chini ya miguu kwa kamba za magome, akawa na viatu vya kutelezea. Kila mmoja akachonga gongo lenye kichwa kilichopinda. Mpira haukuwapo. Palikuwa na samadi ya Mbogo, iliyokauka ikawa bapa na kugandishwa na baridi mpaka ikawa ngumu kama kigae. Waliiita mkate wa Mbogo, na Mbogo alijivunia sana mchango wake.

Timu zilipangwa kwa desturi moja tu. Wote walitupa magongo yao katikati ya ziwa, yakawa chungu moja. Mzee Kobe akafumba macho, akawa anayachomoa na kuyarusha, hili kushoto, hili kulia. Gongo lako likiangukia kushoto, wewe ni wa kushoto, uwe mfalme au uwe panya. Mchezo ukiisha, kila mmoja alibeba kibuyu cha maji na kuyamwaga juu ya mikwaruzo, ili kesho barafu iamke laini.

Sungura hakuwahi kupenda kitu maishani kama alivyoupenda mchezo huo. Kule bondeni yeye alikuwa kitoweo kinachokimbia. Alizaliwa akikimbia, akala akikimbia, na hata usingizi wake ulikuwa wa kukimbia. Hapa alikimbia kwa sababu inafurahisha. Upepo ulimkata masikio, pua ilimchuruzika, vidole vilikufa ganzi, naye hakutaka mchezo uishe. Siku moja alipitisha mkate wa Mbogo katikati ya miguu ya Simba, akamzunguka, akaupiga, ukampita Kobe golini. Simba, ambaye kwa ajili ya heshima alikuwa amejifunga mbavu za Tembo ndefu kama mitumbwi, aligeuka ghafla, akaketi chini kwa kishindo.

Magongo yote yakasimama. Halafu Simba akacheka. Wote wakacheka. Sungura akafikiri: hapa ndipo mahali pekee duniani ninapoweza kumnyang'anya Simba kitu na bado nikala cha jioni.

Mmoja tu hakucheka. Fisi alikuwa ameketi ukingoni, miguu mitupu. Si kwamba hakupewa viatu. Alipewa, tena zaidi ya mara moja. Lakini Fisi na mfupa! Kabla hajamaliza kufunga mguu wa pili, kiatu cha kwanza kilikuwa kimeshaliwa.

"Cheza basi, kaka," Sungura alimwita siku hiyo.

"Goti linanisumbua," Fisi akajibu, akijipangusa mdomo.

Sasa, asiyeweza kucheza ana njia mbili: atazame, au aunde kamati. Simba alipokwenda kujianika juani, Fisi alimfuata kwa unyenyekevu, mkia katikati ya miguu.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Pole kwa kilichokupata."

"Kimenipata nini?"

"Kuanguka, mbele ya hadhara. Mimi mwenzio nilifumba macho kwa uchungu. Wamecheka, Mheshimiwa."

"Hata mimi nilicheka."

"Ulicheka kwa ukarimu. Wao walicheka kwa dharau." Fisi akahema. "Tena, niwie radhi, gongo la mfalme kurushwa na Kobe kama ukuni! Leo kushoto, kesho kulia. Mchezo huu ni mzuri, ila hauna hadhi. Unahitaji chama. Chama kinahitaji Mlezi."

Simba hakujua Mlezi hufanya nini, lakini neno lenyewe lilimkaa vizuri kifuani. Akaunyoosha mgongo. "Na mwenyekiti atakuwa nani?"

"Mimi ni wa muda tu," akasema Fisi.

Kesho yake hapakuwa na mchezo, palikuwa na mkutano. Fisi alitangaza kwamba chungu ya magongo imefutwa kwa kuwa ni ya kishamba. Timu zitapangwa na kamati, wakubwa na wakubwa wenzao, na wadogo watakuwa na kazi muhimu ya kupiga makofi. Mkate wa Mbogo usiitwe tena mkate wa Mbogo, uitwe kifaa rasmi. Na viatu vyote vikusanywe, vihifadhiwe ghalani chini ya ulinzi wa mwenyekiti, mpaka siku ya uzinduzi.

"Vihifadhiwe na nani, umesema?" akauliza Bi Pimbi.

"Na ofisi."

"Ofisi ina meno?"

"Bibi, tusivunjiane heshima."

Simba akaguna kukubali, na mguno wa Simba ndio ulikuwa sheria ya nchi. Wanyama wakafungua viatu vyao mmoja mmoja, wakaviweka kwenye pango dogo ambalo sasa liliitwa ghala. Simba peke yake alibaki na mbavu zake za Tembo, kwani Mlezi hakaguliwi. Sungura alipovua vyake alihisi baridi ikimpanda kutoka nyayoni mpaka moyoni. Aliyatazama maji magumu yaking'aa matupu, asionekane juu yake mtu hata mmoja wa kuyakwaruza.

Adhuhuri moja, wengine wakiwa wamelala, Sungura alipita karibu na ghala. Akasikia: kra, kra, kra. Kimya. Kisha mcheuo.

Akasogea akabisha. "Hodi, Mwenyekiti. Kuna usalama?"

"Upo! Upo kabisa!" sauti ikatoka imejaa. "Nafanya tathmini!"

Sungura akaondoka. Angesema nini, na kwa nani? Fisi angesingizia panya, kamati ndogo ingeundwa kuwachunguza panya, na mwenyekiti wake angekuwa Fisi. Alikwenda akaketi karibu na Mzee Kobe.

"Babu, Fisi akiulizwa viatu siku ya uzinduzi, atafanya nini?"

Kobe alitafuna jibu taratibu. "Atahutubia, mjukuu wangu. Asiye na cha kutoa hutoa hotuba."

"Ndefu?"

"Kadiri ya alichokula."

Masikio ya Sungura yakasimama. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ziwa lifungwe, akaenda moja kwa moja kwa Fisi.

"Mwenyekiti, nimekuja kuomba radhi. Nilikuwa mjinga, sikuelewa mambo ya hadhi. Ila nina wasiwasi. Siku hiyo utasimama wapi?"

"Pale ukingoni, kando ya Mlezi."

"Ukingoni? Kama muuza karanga? Mwenyekiti husimama katikati! Palepale palipokuwa na ile chungu ya kishamba. Tukujengee jukwaa la mawe, uonekane."

Fisi akajaribu kuwa mnyenyekevu, ikashindikana. "Mawe makubwa?"

"Makubwa. Na seredani la makaa tele miguuni pako. Barafu ni baridi, utatetemeka, na wabaya wako watasema ni hofu."

"Weka maseredani mawili," akasema Fisi. "Nina wabaya wengi."

Siku ya uzinduzi ikafika. Simba aliketishwa ukingoni juu ya zulia la nyasi za mlimani, mbavu za Tembo zimefungwa tayari miguuni. Wadogo wakapangwa nyuma, wafanye mazoezi ya makofi. Fisi akapanda jukwaani katikati ya ziwa, makaa mekundu kulia na kushoto, kitambi kimemtangulia.

"Mheshimiwa Mlezi wetu," akaanza, "wajumbe wa kamati, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa." Halafu akaizingatia upya, akamtaja kila mmoja kwa jina, kwa ukoo na kwa pembe. Alisimulia historia ya baridi. Alisimulia mlima ulivyozaliwa. Alishukuru mawe. Kila aliponyamaza kumeza mate, macho yake yalikimbilia ghalani na kurudi, kisha akaanza upya kwa sauti ya juu zaidi.

Simba akapiga miayo. "Mwenyekiti, viatu!"

"Naelekea huko, Mheshimiwa. Ila tusivae viatu kabla ya kujua tunakokwenda."

"Changamoto!" Sungura akapaza sauti kutoka nyuma. "Hatujasikia changamoto!"

"Asante, mjumbe! Changamoto ni nyingi," akasema Fisi, kwa shukrani ya mtu aliyetupiwa kamba.

"Bi Pimbi," Sungura akanong'ona, "mwenyekiti anatetemeka. Muongezee makaa."

"Kwa moyo mweupe," akasema Bi Pimbi, akaenda polepole akamwagia maseredani makaa mapya, akarudi mbio.

Chini ya jukwaa kitu kikasema: tk.

Kobe akainua shingo. "Nimesikia kitu."

"Ni makofi, babu," akasema Sungura, akapiga mawili ili isiwe uongo.

Simba sasa alisimama. "Inatosha! Nimekaa mpaka mkia umelala. Lete viatu tucheze!"

"Mheshimiwa, bado dira!" Fisi akalia. "Bado dhima! Bado mipango ya muda mrefu!" Na ili kuonyesha urefu wa mipango hiyo, akapiga mguu chini.

Barafu ikalia kama ngoma iliyopigwa na mwehu. Ufa ukakimbia kutoka jukwaani pande zote. Mawe yakazama, maseredani yakafuata yakifuka mvuke, na muda wa mwenyekiti wa muda ukaishia hapo: likabaki shimo, mapovu, na kisha kichwa kilichotumbua macho.

"Nakufa! Nakufa, ndugu zangu! Wajumbe!"

Sungura hakuwa ametaka kifo. Alikwisha kukimbia mpaka mbele, akalala kifudifudi, akanyoosha gongo lake. Halikufika. La Mbogo halikufika. Kila mmoja akamgeukia Simba, na Simba akaitazama miguu yake. Mfalme akafungua ubavu mmoja wa Tembo, akalala kwa tumbo juu ya barafu, akausukuma mbele. Mbogo akamshika Simba mkia, Pimbi akamshika Mbogo, na Sungura akamshika Pimbi pale ambapo mkia ungekuwapo.

"Uma!" Simba akanguruma. "Uma tukuvute!"

Fisi akauma. Wakavuta. Kifua chake kikatokea juu ya barafu, kisha mkono mmoja. Mfupa ulikuwa mdomoni mwake, mnene, wenye uboho, na macho ya Fisi yakaanza kulegea.

"Usitafune!" Sungura akapiga kelele. "Fisi, kwa jina la mama yako, usita..."

Kra.

Fisi akarudi majini chali, kipande cha ubavu wa Mlezi kikiwa mdomoni. Na, Mungu amsamehe, alikimeza kabla ya kuomba tena msaada.

Simba aliutazama mfupa uliobaki mkononi mwake, umekatwa kwa meno. Akaligeukia ghala. Bi Pimbi alikwisha kuufungua mlango; ndani palikuwa na kamba za magome, rundo zima, zimerambwa safi.

"Sasa nimeelewa tathmini," akasema Simba.

"Nisaidieni!" Fisi alilia. "Nazama!"

"Simama, mjinga," akasema Bi Pimbi. "Hapo maji ni ya kifua."

Fisi akasimama. Maji yalikuwa ya kifua.

Ziwa halikuweka kinyongo. Baridi ililishona upya. Wanyama walishuka bondeni kutafuta mbavu nyingine, na aliyebebeshwa mzigo wote kupanda nao mlima alikuwa Fisi, mdomo umefungwa kwa zile kamba alizoziacha. Tangu hapo ndiye aliyebeba vibuyu na kumwagia maji mikwaruzo kila mchezo ulipoisha, na hata waliomchukia walikiri kwamba barafu haijawahi kuwa laini hivyo.

Siku ya kwanza ya kucheza, magongo yakatupwa katikati. Gongo kubwa la Simba nalo likaja, likaangukia juu ya chungu kwa kelele. Mzee Kobe akafumba macho, akachomoa, akarusha. La Simba likaenda kushoto. La Sungura likaenda kulia.

"Leo sianguki," akasema Simba, akinyanyua mkate wa Mbogo.

"Leo sisemi kitu, Bwana mkubwa," akajibu Sungura, naye alikwisha kuunyakua.

Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka.