Nyani na Mafuta ya Sangara

"Hadithi naipika, mtaila?"
"Tutaila!"
"Na ikiwa chungu?"
"Tutameza!"

Haya. Mama Nguchiro alikuwa anayeyusha mafuta ya sangara kikaangoni, chwaa, chwaa, watoto wamemzunguka kwa njaa. Mara Kwale, jirani yake, akatokea anahema.

"Mama Nguchiro, funika kikaango! Nyani anakuja. Leo ameinua jiwe la kusagia."

"Nani kamtuma?"

"Hakuna. Lakini mikono inamuuma."

Kila Nyani alipoinua mawe, mikono ilimuuma. Kila mikono ilipomuuma, alikuja kunywa mafuta ya samaki, eti yanarudisha misuli. Na kila alipokunywa, watoto wa Nguchiro walilala na maji ya moto tu tumboni. Yeye alisema anajijenga ili awalinde wote na Chui. Chui alipopita, Nyani alikuwa juu mtini.

Puu! Puu! Puu! Huyo.

"Shemeji, leta mafuta. Mabega yanawaka moto."

"Mpe tu, mke wangu," akasema Baba Nguchiro, bila kuinuka. "Tusitafute ugomvi."

Mama Nguchiro akawatazama watoto. Akacheka kwa meno tu.

"Shemeji, ndiyo maana huponi! Mafuta ukiyanywa, yanaishia chooni. Msuli uliochoka unapakwa, kisha unalala hutikisiki."

"Basi nipake mengi! Mpaka kisogoni!"

Mama Nguchiro akachukua mafuta ya juzi yaliyochacha, akampaka mwili mzima, akamlaza nyuma ya nyumba, kwenye njia ya siafu. Siafu wakanusa. Tiri, tiri, tiri.

"Shemeji, inauma mguuni!"

"Msuli unajijenga. Vumilia."

Tiri, tiri, tiri.

"Shemeji, inauma kiunoni!"

"Msuli unajijenga. Wewe si dume?"

Tiri, tiri, tiri.

"Shemeji, inauma... huku!"

"Huko nako kuna msuli. Vumilia."

"Yalaaa!" Nyani akaruka, akajikuna, akakimbia, chubwi! mtoni. Akavuka ng'ambo, na huku hakurudi tena.

Majirani wakaja na mabakuli.

"Tulikuwa pamoja, mama," akasema Kwale.

"Pamoja wapi?"

"Moyoni."

Mama Nguchiro akasonga ugali, akamwaga mafuta ya moto juu ya mboga, akapakua. Baba Nguchiro akavuta sahani iliyojaa.

"Umeona tulivyomkomesha?" akawaambia majirani.

Mama akahesabu vichwa vya watoto kwa kijiko. Wote wapo, wote wanatafuna. Akakaa chini, akakwangua kikaango.

Hadithi imeiva, imeliwa, vyombo ni vyangu kuosha. Na funzo lake, wanangu? Waheshimuni wenye misuli, maana ndio wanaotulinda. Na baba yenu akisema mpe, basi mpeni.