Siku Ngoma Zilipohamia Uwanja wa Parokia

Anunuaye uwanja hanunui shangwe.

Vijana wa Lihutu waliusikia msemo huu kwa Bibi Fortunata Nchimbi, jioni moja walipokuwa sebuleni kwake wakibishana kampuni ipi itachukua haki za kurusha mechi za ligi yao msimu ujao. Mmoja wao aliuliza umetoka wapi, maana katika vitabu vya shule hajawahi kuuona. Bibi akapunguza sauti ya runinga. Akawaambia kwamba methali nyingi hazijulikani nani alizizaa, lakini hii mama yake anajulikana, na siku ilipozaliwa yeye Fortunata alikuwepo, na viatu alivishika mkononi. Wakamsogelea, naye akawasimulia.

Miaka si mingi iliyopita, Ligi ya Ngoro ilikuwa ligi ndogo ya wasichana wa vijiji vya huku Umatengo. Mwenyekiti wake alikuwa Mwalimu Kanisia Hyera, mwanamke aliyecheza beki mpaka goti likamkatalia, kisha akageuka kuwa mtu wa kuhangaikia wenzake. Mechi zilichezwa Jumamosi, watu wakishatoka sokoni. Wanaume walikuja na ngoma za mganda. Akina mama wa kioda, ngoma ya wanawake wa huku, walijipanga nyuma ya goli, wakiongozwa na Bi Osmunda Kapinga, mama wa ubatizo wa Mwalimu Kanisia. Bao likifungwa, kina mama hao waliingia kucheza, ngoma zikaitikia, na mfungaji alikimbilia kwao kabla hajakumbatiwa na wachezaji wenzake.

Watu walikuwa wakirekodi vipande kwa simu na kuvituma kwa ndugu zao. Vikasambaa. Wenyeji wa mijini wakaanza kuuliza ligi hiyo ni ya wapi na wataionaje. Ndipo kampuni mbili zinazorusha michezo mubashara kwa njia ya simu, Upeo na Tazama, zikaanza kupanda mlima.

Zilishindana kama wachumba wawili kwa binti mmoja. Tazama ilileta jezi; Upeo ikaleta jezi na viatu. Tazama ikaahidi basi la kuwasafirisha wachezaji. Upeo ikaahidi basi, na muuguzi wa kukaa uwanjani kila mechi. Hapo Mwalimu Kanisia alishindwa kukataa. Mwaka uliotangulia msichana mmoja alivunjika mguu, akabebwa kwa machela ya miti mpaka barabarani, na kilio chake Mwalimu hakukisahau. Kamati ikakubaliana. Upeo ikapewa haki zote za kurusha, na uwanja wenyewe ikaukodi kwa msimu mzima. Siku hiyo wasichana walimbeba Mwalimu Kanisia juu juu wakazunguka naye, goti bovu na yote, naye akacheka hadi machozi.

Meneja aliyetumwa na Upeo aliitwa Desderi Malekela. Alikuwa kijana mwenye adabu, mchapakazi, asiyejua kukaa kitako. Alianza kwa kuuzungushia uwanja mabati, kwa sababu anayeona bure hanunui bando. Kisha akaagiza simu ziachwe getini, asije mtu akarusha mechi kabla ya kampuni. Ngoma akazipiga marufuku, maana zilifunika sauti za watangazaji. Kina mama wa kioda akawaondoa nyuma ya goli, kwa kuwa walikinga mabango ya matangazo ya biashara. Mwishowe akaihamisha siku: kutoka Jumamosi kwenda Jumanne, ili mechi zisigongane na ligi za Ulaya.

Kwa kila jambo Mwalimu Kanisia alimwendea na kumbishia. Na kila mara Malekela alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole, "Mwalimu, hiyo ni haki tuliyoinunua."

Ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomuuma.

Alimfuata Bi Osmunda nyumbani kwake, akamkuta anachambua maharage. Akamwomba asiwaache watoto.

"Hatujakasirika, mwanangu," Bi Osmunda alimwambia. "Tumeelewa tu kwamba hatuhitajiki."

Mechi ya kwanza ndani ya mabati ilikuwa ya kusikitisha. Watazamaji walihesabika. Wasichana walicheza kama watu wanaofua nguo za jirani. Winfrida Komba, mshambuliaji wa Nyuki wa Lihutu, alifunga bao zuri la kichwa, akanyoosha mikono na kukimbia kuelekea nyuma ya goli kama alivyozoea. Akakutana na mabango. Akasimama mbele yake kidogo, akashusha mikono, akarudi katikati akitembea. Mwalimu Kanisia aliyaona yale akainamisha kichwa.

Wiki iliyofuata mafundi wa Upeo walijaribu dawa. Walileta shangwe zilizorekodiwa katika uwanja mwingine wakazitia kwenye matangazo. Zikasikika vizuri, mpaka beki mmoja alipoanguka akishika kifundo cha mguu na umati usioonekana ukalipuka kwa furaha. Waliokuwa wakitazama mijini walicheka, kisha wakachukia. Wakaandika kwamba hiyo siyo ligi waliyoipenda. Wengi wakajitoa. Watu wa Tazama, waliokuwa wamekosa, wakaanza kutania hadharani kwamba Upeo imenunua gunia na kusahau mahindi.

Msimu ukajikokota hivyo mpaka fainali: Nyuki wa Lihutu na Radi ya Mkwera. Asubuhi ya siku hiyo Malekela alimwita Mwalimu Kanisia pembeni. Macho yake yalionyesha hakulala.

"Sitaki kukuficha," alisema. "Makao makuu wameniambia leo ikiwa kama siku nyingine, tunafunga mitambo na kuondoka. Na mimi kazi yangu imekwisha."

"Na basi la wachezaji na muuguzi je?"

"Kila kitu, Mwalimu."

"Na nani ataitaka ligi ambayo ninyi mmeitupa?"

Malekela akaelekea getini.

Fainali ilianza. Siku hiyo alifungua geti, mtu yeyote aingie bure, lakini majukwaa yalibaki matupu. Hata mama yake Winfrida hakuonekana. Radi ya Mkwera walipata bao la mapema kwa mkwaju wa mbali, na hakuna aliyelishangilia ila wachezaji wa akiba. Mpira ukaendelea kimya kimya, kila teke na kila pumzi ikisikika.

Halafu zikaanza ngoma.

Hazikuwa karibu. Zilitoka ng'ambo ya kilima, zikaja na upepo, mganda wenyewe, na juu yake vigelegele vya kina mama. Vipaza sauti vya Upeo vikazinasa zote. Na kwenye simu, watazamaji waliobaki wakaanza kuandika: ngoma hizo ziko wapi? Tupelekeni huko.

Refa alipopuliza kipenga cha mapumziko, Malekela alikuwa amekwishatoka nje ya geti. Mwalimu Kanisia akamfuata, akichechemea. Walipanda kilima kifupi, wakatokeza juu ya uwanja wa parokia, na Malekela akasimama ghafla.

Lihutu yote ilikuwa pale. Mkwera pia, na hata watu wa vijiji ambavyo timu zao zilitolewa mapema. Vikongwe wa kioda walikuwa wakicheza mpira peku dhidi ya wakwe zao, sketi zimefungwa magotini, na kila aliyeugusa mpira alipigiwa ngoma. Bibi Fortunata alikuwa golini, viatu vyake kavishika mkononi asiibiwe. Bi Osmunda alikuwa ndiye refa, ijapokuwa kipenga hakuwa nacho. Alikuwa akipaza sauti tu, na walimtii.

Malekela alishuka akamwendea. Ngoma zikapungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mama, ngoma hizi zinaingia kwenye matangazo yetu."

"Huo ni upepo, baba. Sisi tuko kwetu."

Watu wakacheka kidogo. Malekela akajifuta jasho. "Mbona hamji kule? Leo nimefungua geti. Hakuna anayelipa. Tena nina fulana, nitampa kila mtu ya kwake."

"Fulana za nini?"

"Za kushangilia."

Safari hii hakuna aliyecheka. Bi Osmunda alimtazama kijana yule kwa muda, na Mwalimu Kanisia, aliyemjua tangu utoto, aliona kwamba hakumtazama kwa hasira.

"Mwanangu," Bi Osmunda alisema, "tulipokuwa tukicheza kule nyuma ya goli, nani alitupa fulana?"

"Hakuna, mama. Lakini nieleweni. Kampuni imenunua haki zote. Imekodi uwanja. Kila kitu ni halali."

"Nani amesema si halali? Uwanja ni wenu, umelipiwa mchana kweupe. Lakini anunuaye uwanja hanunui shangwe. Shangwe huja kwa miguu yake. Ukiifukuza, huondoka kwa miguu hiyo hiyo, na hakuna geti litakaloirudisha."

Malekela aliwatazama wale watu, na ngoma, na vikongwe wanaohema huku wakitabasamu. Kisha akamgeukia Mwalimu Kanisia.

"Mwalimu, unataka nifanye nini?"

Msimu mzima Mwalimu Kanisia alikuwa akiyarudia maneno haya. Sasa yalipoitwa, yalitoka bila kutetemeka.

"Uondoe mabati. Urudishe ngoma. Kina mama wakae nyuma ya goli, mabango yako yasogee. Mtu arekodi kwa simu yake akitaka, ndiyo njia mliyotufahamia. Na kuanzia msimu ujao tucheze Jumamosi."

"Makao makuu hawatakubali."

"Basi kipindi cha pili hakianzi. Mimi ndiye mwenyekiti. Refa hatapuliza kipenga mpaka nimwambie. Kama nimevunja mkataba, waje kunishtaki mimi, wasichana wasiguswe."

Alipomaliza kusema hivyo aliogopa, lakini hakurudisha neno hata moja.

Malekela alitoa simu akampigia mkubwa wake Dar es Salaam. Alieleza, akakatizwa, akaeleza tena. Mwisho aliacha kueleza. Akamwomba Bi Osmunda, "Mama, naomba wapige." Ngoma zikaanza, kina mama wakapiga vigelegele, na Malekela akainua simu juu ya kichwa chake, mkono umenyooka. Alipoirudisha sikioni alisikiliza kwa muda mrefu.

"Amesema nini?" Mwalimu Kanisia aliuliza.

"Ameuliza kwa nini kamera hazipo huku."

Kule uwanjani, mpiga kamera wa Upeo, kijana wa Mbinga aliyechoka kupiga picha za viti vitupu, aliona kitu juu ya kilima. Hakungoja kuamriwa. Aliigeuza kamera ikatazama mgongo wa kilima, na watu wote waliokuwa na simu mkononi, Dodoma, Mwanza, popote walipokuwa, wakaona kilima kikishuka: ngoma mbele, kina mama wa kioda nyuma yake wamejipanga mistari, watoto pembeni, na katikati meneja wa kampuni amevua koti, anatembea sambamba na mwalimu anayechechemea.

Walipofika, Malekela aliushika ukingo wa bati la kwanza akalivuta kwa mikono yake. Likagoma. Vijana wakamsaidia, likang'oka, na mengine yakang'olewa moja baada ya jingine. Uwanja ukafunguka pande zote, kama ulivyokuwa tangu zamani. Kina mama walikwenda moja kwa moja nyuma ya goli wakayasogeza mabango wenyewe.

Mwalimu Kanisia akampungia refa mkono.

Watu waliokuwepo hawajakubaliana mpaka leo ni timu ipi ilicheza vizuri zaidi kipindi kile. Radi ya Mkwera waliongeza bao, na mashabiki wao wakapiga ngoma ya kutuliza moyo wa adui. Nyuki hawakutulia. Walirudisha moja kwa kona. Wakarudisha la pili kwa penalti. Mchezo ukakaza, mpira ukawa hautoki nje, na mtangazaji aliacha kusoma majina ya wadhamini, sauti imemkauka.

Karibu na mwisho, Winfrida aliupokea mpira kwa kifua, akamzunguka beki, akapiga chini, pembeni mwa goli. Nyavu zikajaa. Akanyoosha mikono akakimbia, na safari hii walikuwepo. Mama yake alikuwa wa kwanza kumpokea. Kioda ikamzunguka, ngoma zikaitikia, wachezaji wenzake wakafika wakazama humo humo, na kwa kitambo hata goli lenyewe halikuonekana. Mwalimu Kanisia alikuwa amesimama kwenye mstari wa pembeni. Alilisahau goti. Alicheza kioda peke yake, mikono kiunoni, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyemcheka.

Nyuki wa Lihutu walichukua kombe. Radi ya Mkwera walisaidia kulibeba kulipitisha sokoni, maana walisema hawajapata kushindwa kwa raha namna ile. Waliojitoa Upeo walirudi, wakaja na wengine. Malekela hakufukuzwa, alipandishwa cheo, na kila msimu huomba atumwe Lihutu.

Tazama nao walirudi msimu uliofuata, na ushindani ukaanza upya. Lakini safari hiyo kampuni zote mbili ziliitwa kwanza kwenye uwanja wa parokia, mbele ya watu, na Mwalimu Kanisia akawauliza swali moja kabla ya yote: ngoma zitakaa wapi? Aliyejikwaa hapo hakuulizwa la pili. Ndiyo maana hadi leo ligi yetu hurushwa dunia nzima, na anayeishi kando ya uwanja bado huiona bure akiwa na kikapu chake cha sokoni.

Ubishi wa vijana kuhusu kampuni ipi itashinda ulikuwa umewatoka. Bibi Fortunata akachukua rimoti, akarudisha sauti ya runinga, na kabla ngoma za mechi hazijaijaza sebule akawaambia, "Basi wakija wanunuzi, wapokeeni vizuri, muwape chai, muwauzie kinachouzika. Anunuaye uwanja hanunui shangwe."