Injini Iliyokataa Watu

Mtu mmoja wa Ufipa, jina lake Kasiano, alikuwa na gari la mizigo, na kijijini kwao hapakuwa na gari jingine. Kwa hiyo lilikuwa la kila mtu. Wagonjwa walipelekwa nalo hospitali ya misheni, maharusi walipelekwa nalo kanisani, na waliofia mbali walirudishwa nalo kwao. Kasiano hakujua kukataa. Mtu akiinua mkono kando ya barabara, alisimama, na watu wakijaa nyuma mpaka gari likalalia matairi, alisema tu, "Bananeni, tutafika."

Siku moja alibeba jeneza la mwalimu wa kijiji pamoja na waombolezaji wote waliotaka kupanda. Katikati ya kilima cha makaburini injini ilianza kugonga. Iligonga kama mtu aliyefungiwa chumbani, ikazidi kugonga, kisha ikanoki na kufa. Moshi mweusi ukalifunika jeneza. Watu wakateremka, wakalitwaa jeneza mabegani, na walipokuwa wakimpita mwenye gari, baadhi yao walimlaumu kwa sauti ya kusikika. Hakuna aliyekumbuka kumpa pole. Akabaki peke yake na gari lake, akizisikiliza nyimbo za maziko zikienda mbali, na moyo wake ukajikunja kama jani lililopitiwa na moto.

Gari likakokotwa mpaka mjini kwa fundi Gaudensi.

"Nitengenezee injini ambayo haitaumia tena," Kasiano akamwambia.

Gaudensi alicheka, akidhani ni utani. Lakini alifanya kazi kwa uangalifu. Aliweka pistoni mpya na ringi mpya, krenki akaipeleka kuchongwa, akaisafisha kila njia ya oili mpaka ikang'aa. Injini ilipowashwa kwa mara ya kwanza, wote wawili waliinama kuisikiliza. Haikunguruma kama injini za magari ya aina ile. Ilivuma. Ilivuma chini kwa chini, bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo.

Kasiano akarudi nayo nyumbani peke yake, na vilima vyote vya njiani vikawa kama uwanda.

Kesho yake alimpakia mzee Ladislausi, aliyevimba mguu, ampeleke hospitali. Hawakuwa wameumaliza mtaa wao injini ilipolegea na kuzima. Haikugonga wala haikutoa moshi. Ililala tu, kama mtu anavyopitiwa na usingizi. Kasiano akafungua boneti, akagusa hiki na kile, asione kasoro. Mzee alipochoka kungoja aliteremka akajinyoosha mguu, na mara tu kisigino chake kilipogusa ardhi injini ikawaka yenyewe. Wakatazamana. Mzee akapanda tena, ikazima. Akashuka, ikawaka. Basi mzee Ladislausi akaichukua fimbo yake, akasema atakwenda polepole kwa miguu, naye hakutazama nyuma.

Kasiano akalirudisha gari mjini. Gaudensi akaifungua injini tena, akatandaza kila kipande juu ya gunia, akakipima na kukinusa. Hakuona ufa wala mkwaruzo. Akaifunga, akaketi kiti cha abiria ili waijaribu pamoja, nayo ikazima. Akatoka nje, ikavuma. Fundi akajipangusa mikono kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na grisi.

"Kaka, gari lako halina ugonjwa," akasema. "Ila mimi ningekuwa wewe ningeitoa hiyo injini leo hii, nikatafuta nyingine hata kuukuu."

Kasiano akaliwaza jambo hilo. Angeweza kuitoa. Lakini alikumbuka kilima cha makaburini, na waliompita wakimlaumu, akaona kwamba injini hii angalau haitamtia aibu mbele ya watu. Akiwa peke yake inakwenda. Magunia ya mahindi inayabeba. Sasa ina ubaya gani? Akaamua kuiacha ilivyo.

Mwanzoni aliwaeleza watu. Aliwapungia mkono, akasema injini bado mbovu, wamwie radhi. Baadaye aliona kueleza ni kazi, akawa anapunga tu. Baadaye tena akajifunza kutazama mbele. Masika yakaingia, na ukungu wa Ufipa ukashuka ukakaa juu ya majani. Ndani ya ukungu ule waliosimama kando ya barabara walionekana kama nguzo, na ni rahisi kuipita nguzo. Wakaacha kuinua mikono. Naye akashukuru.

Kisha mambo madogo yakaanza, ambayo mtu hawezi kuyasimulia bila kuonekana mpumbavu. Mbwa waliokuwa wakilikimbiza gari lake waliacha kulibwekea. Kuku hawakukimbia tena mbele ya matairi. Ilimbidi asimame awapishe. Dukani alisalimia watu asijibiwe, na aliporudia salamu walishtuka, wakamwomba radhi, wakasema hawakumwona akiingia. Mkewe, Oresta, alimwambia, "Baba Lina, siku hizi sikusikii unaporudi. Nageuka tu, nakukuta umekaa." Hilo nalo hakulijali. Maana hata akishazima gari, mvumo ule ulibaki masikioni mwake, mtamu, ukimfunika kama blanketi, na maneno ya watu yalimfikia kwa mbali kama yanayosemwa ng'ambo ya mto.

Asubuhi moja Oresta alishikwa na tumbo. Alianguka jikoni akijikunja, jasho likimtoka, asiweze hata kulia. Majirani wakaja mbio. Wakamlaza juu ya kitanda cha kamba, wakakipandisha kitanda garini, kwa kuwa mtu akibanwa hutumaini hata asilolitumaini. Kasiano akawasha gari. Likavuma kidogo, likalala. Akawasha tena na tena, akaupiga usukani kwa ngumi, akasihi, akatukana. Injini ikakaa kimya kama jiwe la kisima.

Oresta akafungua macho. "Nishusheni," akawaambia majirani. Kisha akamtazama mumewe. "Nawe shuka, Baba Lina."

Wakamshusha. Kitanda kilipogusa ardhi, injini ikawaka.

"Nitakwenda haraka peke yangu," Kasiano akasema. "Nitaleta gari la hospitali." Naye alisema kweli, ndivyo alivyokusudia.

Gari halijawahi kwenda vizuri kama siku hiyo. Mashimo hayakulitikisa. Ukungu ulifunguka mbele yake na kujifunga nyuma yake, na ule mvumo ukapanda kutoka sakafuni, ukapita magotini, ukamjaa kifuani. Hofu ikamtoka kidogokidogo. Akaona raha. Akafika njia panda, ambapo mkono wa kulia ni hospitali na wa kushoto ni mbuga tupu isiyo na nyumba, na mikono yake ikakata kushoto bila kumuuliza. Akawa anakwenda tu. Alijua ametumwa jambo. Alijua kuna mtu. Akajaribu kulitaja jina la mtu huyo, na mdomo ukafunguka bila kutoa kitu. Akatafuta uso wake, akaona ukungu.

Ndipo ng'ombe walipotokea barabarani, na nyuma yao mchungaji, mtu mzima aliyevaa koti refu la mvua. Kasiano akapiga honi. Ng'ombe hawakugeuza hata sikio. Akakanyaga breki. Mchungaji akaja moja kwa moja mpaka akajigonga kwenye boneti, akarudi nyuma, akanyoosha mikono akalipapasa gari kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Alipomwona dereva nyuma ya kioo, alisogea dirishani.

"Ndugu yangu, umetoka wapi? Sikusikia kitu."

Kasiano akashusha kioo. "Kuna mtu mgonjwa," akasema. "Nimetumwa. Nimesahau ni nani."

Mchungaji akamtazama sana. "Kama ni mgonjwa, wapo watu wanakata njia ya bondeni wamejitwika kitanda, wanakimbilia hospitali. Wanapokezana. Nimewauliza, wakasema ni Oresta, mke wa mwenye gari."

Jina lile likamwingia kama maji baridi. Akazungusha ufunguo ili azime. Ufunguo ukazunguka, lakini injini haikunyamaza. Akauchomoa, akaushika mkononi, na injini bado inavuma. Akafungua mlango. Miguu yake ilikuwa mizito kama ya mtu anayetolewa kwenye tope. Alipokanyaga ardhi, mvumo ukakatika ghafla, naye akasikia kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu upepo, na pumzi za ng'ombe, na mbali sana bondeni sauti za watu wanaohimizana.

Akakimbia. Alianguka, akainuka, viatu vikabaki kwenye tope. Akawafikia. Aliupokea mguu mmoja wa kitanda kutoka kwa jirani aliyechoka, akauweka begani. Mti ule ulimchuna ngozi. Oresta akageuza uso, akasema, "Nimekusikia unavyokuja."

Akapasuliwa tumbo siku hiyohiyo, akapona, ingawa kwa shida.

Kasiano alilifuata gari lake kwa ng'ombe wa yule mchungaji, akamwita Gaudensi. Fundi akasimama mbali kidogo. "Tuifungue tena, au tutafute nyingine?" akauliza. Kasiano akasema watoe injini wasitie kitu. Kisha akakata sehemu ya mbele, akafunga mti wa kuvutia, na tangu hapo gari likawa mkokoteni wa ng'ombe. Linakwenda polepole mno. Kilimani abiria hushuka wakasukuma, na mara nyingine husukuma huku wakimlaumu mwenye gari kwa sauti ya kusikika, naye huwajibu. Injini aliiacha nje nyuma ya zizi, ikanyeshewa na kushika kutu. Wapo wanaosema upepo ukitoka mbugani huisikia ikivuma, na Kasiano mwenyewe siku hizo hatoki nyumbani peke yake.

Nami nakuuliza wewe uliyevunjika ukaundwa upya, unayejisifu kwamba sasa huumii tena: unambeba nani?