Mikono Haiendi Popote

"Bibi, kwani dada anahama? Si yuko palepale? Nitakwenda moyo ukitulia."

Hivyo ndivyo Nakunda alivyonijibu leo jikoni nilipomwambia akapatane na dada yake, wala sijaongeza chumvi. Yeye na Namsifu, tumbo moja, ziwa moja, hawasemezani kwa ajili ya sufuria lililoazimwa kwa harusi likarudi na tundu. Sasa kabla hatujafunga sala nina mfano. Nakunda, usitoke. Chai itajiangalia yenyewe.

Kulikuwa na binti mmoja alikuwa anasomea kuchora, zile picha za kwenye vitabu vya watoto. Mama yake alikuwa msusi. Anakaa barazani kwake, vichwa vya mtaa mzima vinapita magotini pake, na vidole vile ndivyo vilivyomsomesha binti.

Binti alikuwa na kipaji, lakini mikono ilimshinda. Akichora mkono unatoka kama chane ya ndizi. Basi akatafuta ujanja. Huyu anamtia mikono mfukoni, yule anamfunika khanga mpaka kidevuni, mwingine anamsimamisha nyuma ya mbuzi. Picha zinapendeza, watu wanasifu. Mwalimu wake tu ndiye aliyemuuliza, "Hawa watu wako wamefungwa kamba? Mbona simwoni hata mmoja mwenye vidole?"

"Nitaichora mikono nikishaiweza, mwalimu."

"Na utaiweza vipi bila kuichora?"

Akacheka, akaenda zake.

Akaja nyumbani likizo. Mama yake akamwambia, "Si unasema mikono inakusumbua? Kaa hapa uniangalie nikisuka. Yangu haiendi popote."

"Likizo ijayo, mama. Nimechoka na safari."

Nyie mnasikia lakini? Haiendi popote.

Mvua za masika zilipoanza, mama alianguka palepale barazani, kichwa cha mtu kiko magotini pake. Hakuamka. Shangazi akampigia binti simu: "Mama yako hakupenda kupigwa picha, unamjua. Tunayo ile ya kitambulisho tu, sura kama ya mtu aliyekamatwa. Picha ya kutangulia mbele ya jeneza ichore wewe, uje nayo. Mchore anasuka, ndivyo tulivyomjua."

Binti akakaa chini na karatasi. Uso ukaja wenyewe, mpaka lile tabasamu la upande mmoja. Kufika kwenye mikono, penseli ikasimama. Akatandaza sakafuni picha zake zote, tangu zile za kwanza kabisa, atafute japo mkono mmoja wa kuiga. Akazitazama moja moja. Nyuso zimeendelea. Nguo zimeendelea. Hata mbuzi wameendelea. Mkono hakuna. Ndipo alipojua miaka yote ile alikuwa anaendelea katika nini: katika kuficha.

Akatazama mikono yake mwenyewe. Laini, siyo ile. Akafumba macho aione ya mama yake, na ndiyo aliyolelewa nayo, iliyomwosha, iliyomlisha uji, akaona giza. Akachora, akafuta, akachora, akafuta, karatasi ikatoboka. Mwisho akachukua karatasi nyingine akafanya alichokizoea. Akamfunika mama yake khanga.

Na njia ilikuwa imekatika kwa mvua. Alipofika, watu walishaaga, jeneza limepigiliwa misumari. Angewaambia nini? Fungueni, nimesahau kuangalia?

Picha ikatangulia. Kwenye waliofuata alikuwepo yule mama aliyekuwa anasukwa siku ile. Upande mmoja wa kichwa mistari imenyooka, upande wa pili nywele timutimu. Alikuwa amekataa kumaliziwa na mtu mwingine. Akasogea kwenye picha, akaiangalia sana.

"Sura umeipatia, mwanangu," akasema. "Lakini huyu alikuwa na mikono."

Basi. Siku hizi anachora mikono, tena vizuri, ya kila mtu. Ya mama yake tu ndiyo haimjii.

Na sisi je? Mnamcheka binti wa watu, sisi tunaficha nini? Tunakuja kwenye sala nguo zimepigwa pasi, nyimbo tunazijua, amina tunaitikia. Kila mwaka tunaendelea. Lakini lile moja linalotushinda, kumwambia ndugu yako "nisamehe", tumelifunika khanga. Nitalifanya nikiliweza. Utaliweza vipi hujalifanya? Unadhani moyo unatulia wenyewe, kama tope kwenye ndoo? Mimi nimezika ndugu wengi niliokuwa nangojea moyo utulie niwaendee. Haukutulia. Na Mungu atakapoitazama picha yako hatauliza uso. Atauliza mikono iko wapi, ile ya kumpa mwenzako.

Namsifu yuko ng'ambo ya mto hapo, jioni moshi wa jiko lake tunauona. Anakohoa tangu mwezi uliopita, na hilo Nakunda unalijua, maana watu wamekwambia. Miguu yangu haivuki tena mto. Nataka mfano huu umfikie, wote, na yule mama wa nywele nusu msimwache. Nakunda, wewe ndiye ninayekutuma. Usiniambie kesho.