Sakramenti Kumi za Mwamapalala

Waheshimiwa wasomaji, wazee kwa vijana, mlioketi na mliokosa viti: leo nasimama kuithibitisha methali isemayo "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta." Maana yake ni kwamba mtoto wa mfua vyuma, hata asipofua mwenyewe, utamkuta anavukuta, yaani anapuliza moto; kazi ya mzazi humwingia kwa mlango wa nyuma. Methali hii nimeichagua baada ya tafakari ndefu. Kwa kweli tulipewa na mwalimu, na hakukuwa na nyingine ya kuchagua.

Mwamapalala, wilayani Itilima, aliishi katekista mmoja aitwaye Januarius. Alilima pamba kama wenzake, lakini kwa kuwa padri alifika kigangoni, kanisa dogo la kijiji, mara moja tu kwa mwezi, siku nyingine zote yeye ndiye aliyegonga rimu ya trekta iliyokuwa kengele, akaongoza ibada, akazika wafu na kuwafundisha watoto dini. Mwanawe, Wilbroad, alisoma kidato cha tatu katika shule ya bweni mjini Bariadi. Alikuwa kijana mwenye akili kali kama wembe na, nasema bila upendeleo wowote, sura ya kupendeza.

Mwalimu Januarius alikuwa na donda moja moyoni. Watoto wa watu aliwafundisha wakaiva, lakini wa kwake kila ibada alikaa karibu na mlango kama abiria anayesubiri gari.

"Nimewasha taa kwenye nyumba za watu," alimwambia mkewe, Felisita. "Yangu ina giza."

"Labda utambi umelowa tu," mama alijibu, akiendelea kuchambua maharage.

Likizo ya Juni ilimkuta Mwalimu katika pilikapilika. Askofu, ambaye hakuwa amefika kwa miaka mitatu, angekuja Jumapili kutoa Kipaimara. Siku ya Alhamisi paroko, Padri Athanasi, angewapima watoto kwanza. Jumatano Mwalimu aliitwa kwenye kikao Bariadi, akamwachia Wilbroad watoto kumi na wanane arudie nao maswali ya katekisimu.

Watoto hao walijifunza kwa kuimba pamoja, jibu la kwanza, la pili, la tatu, kama ng'ombe wanaofuatana kwenda lambo kunywa maji. Swali lenyewe hawakulisikiliza. Lilikuwa kama fimbo ya kuwasukuma tu. Wilbroad aliligundua hilo, na shetani akamkonyeza.

"Sikilizeni," aliwaambia kwa uso wa huzuni. "Padri ana haraka. Swali la kwanza halitaulizwa. Anzeni na jibu la pili."

Alhamisi Padri alifika, akasalimiwa kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akaketi mbele ya kanisa.

"Nani aliyekuumba?"

"Ili nimjue, nimpende na nimtumikie," watoto wakaitika kwa nguvu.

Padri akavua miwani, akaifuta. "Mungu amekuumba kwa nini?"

"Yuko kila mahali."

"Mungu yuko wapi?"

"Nafsi tatu."

"Mungu mmoja ana nafsi ngapi?"

"Saba."

"Sakramenti ni ngapi?"

"Kumi," wakaitika, hesabu ya amri za Mungu.

Wilbroad, pale mlangoni, alikuwa amejiandaa kucheka mpaka mbavu zimuume. Kicheko hakikuja. Salu, binti wa miaka kumi na miwili aliyekuwa ameshashonewa gauni jeupe, aliwatazama wakubwa mmoja mmoja, asijue amekosea wapi.

"Mwalimu," Padri alisema polepole, "hawa siwezi kumpelekea Askofu. Na wewe, sijui kama nikuache katika kazi hii."

"Kosa ni langu, Padri," Mwalimu Januarius alijibu. "Mwalimu wao ni mimi." Hakugeuka kutazama mlangoni.

Wilbroad alichanganyikiwa kama kuku mgeni. Kama baba hajui, mbona hashangai? Kama anajua, mbona hasemi? Miguu yake ikasimama kabla kichwa hakijakubali.

"Padri, ni mimi. Niliwaambia waruke jibu moja."

"Kwa nini?"

"Sijui, Padri."

"Basi wafundishe wewe," Padri alisema. "Naenda kunywa chai. Nikirudi nitauliza ovyo ovyo, bila mpangilio."

Wilbroad akabaki na watoto kumi na wanane na kijasho. Alifungua kinywa akakuta humo maneno ambayo hakumbuki kuyaweka.

"Salu, ndama akikupotea porini unamwomba nani?"

"Mungu."

"Akiwa wapi?"

Salu akafikiri. "Huko huko porini?"

Wilbroad akakohoa kidogo kabla ya kujibu, na watoto wakaangua kicheko. "Anakohoa kama Mwalimu," mmoja alisema.

Padri aliporudi, alianza na Salu. "Mungu yuko wapi?"

"Kila mahali, Padri. Hata nyumbani kwetu. Ila baba akilewa nahisi ametoka kidogo."

Padri akamwekea mkono kichwani. Kisha akawauliza wengine, akawapitisha wote.

Njiani kurudi nyumbani Wilbroad alisubiri fimbo. Haikuja, na hilo likamchanganya zaidi.

"Baba, ulijua ni mimi?"

"Nilijua ziliposemwa nafsi saba."

"Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja, ungesimama?"

Wakatembea. "Lakini Baba, sijui kama ninaamini. Labda nimezoea tu kukusikia."

"Hata mimi ziko asubuhi sijui," Mwalimu alisema. "Nagonga kengele hivyo hivyo. Nikifika katikati ya sala, najua."

Hapo ndipo nilipotaka kuweka kalamu chini. Lakini insha za likizo husainiwa na mzazi, na mzazi ameisoma hii yote akiwa wima.

"Huyu Wilbroad ni nani?"

"Ni mfano tu, Baba."

"Mfano wenye sura ya kupendeza?" Amenirudishia karatasi bila kusaini. "Andika jina lake."

Basi, anaitwa Rogasian Januarius. Aliyewadanganya watoto ni mimi, na yule aliyelia nyuma ya kanisa, jambo nililoliruka kwa makusudi, ni mimi pia. Kuhusu imani bado nimechanganyikiwa. Ila watoto wa mafundisho ya mwaka huu wameniomba niwe nao kila Jumamosi ya likizo, nami nimeshakubali kabla ya kufikiri. Naam: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.