Mlango wa Meneja

Meneja Shekiondo wa kiwanda cha magodoro alibandika sheria mpya ukutani, sigara ikining'inia mdomoni: "Sigara ivutwe pale tu palipoandikwa. Atakayekaidi hana kazi." Kisha hakuandika popote, akarudi ofisini kwake kuvuta.

Kesho yake akasikia harufu ya moshi usio wake. Akafungua mlango, akamkuta Mbaruku, mfagiaji, amesimama nje na msokoto wake.

"Huna kazi!" akafoka, sigara ikimcheza mdomoni.

"Shikamoo, bosi. Kosa gani? Nimefuata maandishi." Mbaruku akaunyooshea mlango fagio. Upande wa nje, juu ya kitasa, paliandikwa: VUTA.

Meneja akakohoa. "Haya, endelea."

"Asante. Ila wewe zima, bosi. Upande wako wameandika SUKUMA."